Kenya na Hesabu ya Watu wa Kaskazini

Mwezi Januari mwaka 2025, Mahakama Kuu ya Kenya mjini Garissa ilibatilisha matokeo ya sensa ya mwaka 2019 kwa kaunti tatu za kaskazini mashariki mwa nchi hiyo, yaani Garissa, Wajir na Mandera. Hukumu hiyo haikuwa ya kwanza ya aina yake. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilikuwa imekwisha kutoa uamuzi mwingine juu ya sensa nyingine, ile ya mwaka 2009, na juu ya watu wa sehemu hizo hizo. Safari ya kwanza viongozi wa kaskazini walilalamika kwamba Serikali imeikataa hesabu ya watu wao kwa kuiona kubwa mno. Safari ya pili walilalamika kwamba hesabu waliyopewa ni ndogo mno.

Kenya ni nchi huru yenye Katiba yake na mahakama zake, na mashauri ya namna hii yana ngazi zake za rufani. Si kazi ya mazungumzo haya kuamua nani ana haki katika jambo ambalo Wakenya wenyewe wanalishughulikia kwa njia ya sheria. Hata hivyo wahenga walisema kwamba ukiona mwenzako ananyolewa, wewe tia maji. Kila nchi ya Afrika ya Mashariki ina ofisi ya takwimu, kila moja huhesabu watu wake, na kila moja yaweza siku moja kuulizwa swali lile ambalo Kenya imeulizwa mara mbili: hesabu hii ni ya kweli? Na ikiwa si ya kweli, ni nani mwenye haki ya kuisahihisha?

Askari hahitaji kufundishwa maana ya swali hilo. Kila alfajiri, katika kila kambi, watu huhesabiwa kwenye gwaride. Kwa kufuata hesabu ile chakula hupikwa, zamu za ulinzi hupangwa, na kamanda hujua ana nguvu kiasi gani endapo atapewa amri ya kutoka. Kiongozi wa platuni akisema watu thelathini wapo, kumbe wapo ishirini na wawili, kamanda atapanga vita kwa kutumia watu wanane ambao hawapo. Uongo ule hautaonekana gwarideni. Utaonekana mahali pengine, saa nyingine, pale ambapo ubavu wa kikosi utakutwa wazi. Hali kadhalika taifa. Uongo ulioandikwa katika sensa hauonekani siku matokeo yanapotangazwa. Huonekana miaka mitano baadaye, katika shule isiyo na madawati, katika zahanati isiyo na dawa, na katika kituo cha polisi chenye askari wanne mahali panapohitaji arobaini.

Huko Kenya jambo hili lina uzito wa pekee. Katiba mpya iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 iliigawa nchi katika kaunti 47 na kuweka majimbo ya uchaguzi 290. Mipaka ya majimbo hayo hapana budi ifuate idadi ya watu. Kwa hesabu ya mwaka 2009, watu 38,610,097 wakigawanywa kwa majimbo 290, wastani ulikuwa watu 133,138 kwa kila jimbo. Aidha, katika kanuni ya kwanza ya kugawa mapato ya taifa kwa kaunti, asilimia 45 ya fungu iligawanywa kwa kufuata idadi ya watu. Sehemu iliyobaki ilifuata mambo mengine: mgawo sawa kwa wote asilimia 25, umaskini asilimia 20, ukubwa wa eneo asilimia 8, na uangalifu katika matumizi ya fedha asilimia 2. Kwa hiyo kila jina lililoandikwa na karani wa sensa lilikuwa na thamani ya kura na thamani ya shilingi. Palipo na thamani pana kishawishi. Kishawishi chenyewe kina pande mbili, kwani yuko anayetamani watu wake waonekane wengi, na yuko anayeogopa wa mwenzake wasije wakaonekana wengi kuliko wake.

Sensa ya mwaka 2009 ilifanywa kuanzia usiku wa tarehe 24 kuamkia tarehe 25 Agosti. Mwaka mmoja ulipita kabla ya matokeo kutolewa. Tarehe 31 Agosti 2010, siku nne tu baada ya Katiba mpya kutangazwa, Waziri aliyehusika na Mipango, Bwana Wycliffe Oparanya, alitangaza matokeo ya nchi nzima. Papo hapo alisema kwamba matokeo ya wilaya nane yamefutwa, na kwamba watu wa wilaya hizo watahesabiwa upya. Wilaya zenyewe zilikuwa Lagdera, Wajir Mashariki, Mandera Mashariki, Mandera Kati na Mandera Magharibi kwa upande wa kaskazini mashariki; na Turkana Kaskazini, Turkana Kati na Turkana Kusini kwa upande wa kaskazini magharibi.

Sababu alizozitoa Waziri zilikuwa za kitaalamu, na inafaa zieleweke, kwa kuwa ndizo zinazoonyesha jinsi idara ya takwimu inavyoikagua kazi yake yenyewe. Idadi ya watu haiongezeki ovyo. Huongezeka kwa kuzaliwa na kwa kuhamia, na hupungua kwa kufa na kwa kuhama. Mwaka 1999 Mandera ilikuwa na watu 250,372. Mwaka 2009 makarani walileta hesabu ya watu 1,025,756, yaani zaidi ya mara nne katika muda wa miaka kumi. Katika miaka hiyo hiyo watu wa Kenya nzima walitoka 28,686,607 wakafika 38,610,097, yaani ongezeko la theluthi moja hivi. Watu wanaoongezeka kwa asilimia 3 kwa mwaka, ambao ni mwendo wa kasi, huhitaji miaka kama 23 ili wawe maradufu, na miaka kama 46 ili wawe mara nne. Mandera ilionekana kuifanya kazi ya miaka 46 kwa miaka kumi.

Mtaalamu wa takwimu haishii hapo, bali huuliza maswali mengine. Je, watoto wachanga ni wengi kiasi kinacholingana na akina mama walioandikwa? Je, wanaume na wanawake wanakaribiana kwa idadi katika kila umri? Je, kaya zimekuwa kubwa ghafla bila ya watoto kuzaliwa? Mtu anayebuni majina nyumbani kwake usiku aweza kubuni jumla, lakini ni taabu kwake kubuni jumla ile pamoja na umri, jinsia na uhusiano wa kila mtu vikapatana kama vinavyopatana katika jamii iliyo hai. Mpelelezi wa polisi anaijua hali hii. Shahidi wa uongo aweza kulikariri tukio lenyewe, lakini akiulizwa mambo madogo madogo ya pembeni, maelezo yake huanza kupingana. Takwimu nazo huhojiwa hivyo hivyo, na katika wilaya zile nane wataalamu walisema majibu hayakupatana.

Hata hivyo shauri lilikuwa na upande wa pili, nao haukosi uzito. Viongozi wa kaskazini walieleza kwamba watu wao ni wafugaji wanaohamahama, na kwamba sensa za zamani ziliwaacha wengi bila kuwahesabu. Kama hesabu ya mwaka 1999 ilikuwa pungufu, basi kuilinganisha na ile ya 2009 ni sawa na kupima nguo kwa rula iliyokatwa. Mpaka wa sehemu hizo ni mrefu, na tangu mwaka 1991, Serikali ya Somalia ilipoanguka, watu wengi walivuka kuingia Kenya wakikimbia vita. Kambi za Dadaab zilifunguliwa kwa sababu hiyo. Isitoshe, ukame huwahamisha watu na mifugo kutoka wilaya moja hadi nyingine. Yote hayo yalikuwa maelezo yaliyostahili kupimwa kwa makini, moja baada ya jingine, na watu wasio na maslahi katika jibu.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Dosari ilionekana, na ilionekana kwa njia ya kitaalamu. Lakini tangazo la kufuta lilitoka kinywani mwa Waziri, mtu wa siasa, mbunge, mjumbe katika Serikali ya mseto, katika nchi ambayo miaka miwili tu kabla yake ilikuwa imetoka katika machafuko ya baada ya uchaguzi. Kwa mwananchi wa Mandera au Turkana, tangazo lile halikusikika kama ripoti ya fundi. Lilisikika kama amri ya mkubwa. Mambo yakafika mahakamani, na mwaka 2012 Mahakama Kuu ikatengua uamuzi wa Waziri, ikisema kwamba sheria haikumpa mamlaka ya kufuta matokeo ya sensa.

Fundisho la hukumu ile si kwamba hesabu ya mwaka 2009 ilikuwa sahihi. Mahakama haihesabu watu. Fundisho ni kwamba kosa katika takwimu za taifa hapana budi lirekebishwe na mkono uliopewa kazi hiyo na sheria, kwa utaratibu uliojulikana kabla ya kosa kutokea. Askari akikamatwa na kosa, hahukumiwi na yeyote anayepita karibu, hata kama kosa ni la wazi na mpita njia ni mwenye cheo. Yako mamlaka, uko utaratibu, iko nafasi ya kujitetea. Utaratibu ukikiukwa, mkosaji huachiwa, na kosa hubaki bila dawa. Ndivyo ilivyokuwa kwa hesabu ya kaskazini: iliyotiliwa shaka ikarudi, na shaka nayo ikabaki palepale.

Je, idara za Serikali hufanya nini ili takwimu zao ziaminike? Nchi za Afrika zimelijibu swali hilo kwa pamoja. Mwezi Februari mwaka 2009, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa walipitisha Mkataba wa Afrika wa Takwimu. Kabla ya hapo, mwaka 1994, Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa ilikuwa imepitisha kanuni kumi za msingi, ambazo Baraza Kuu la Umoja huo liliziidhinisha mwaka 2014. Maneno ya hati hizo ni mengi, lakini yakiletwa kwenye meza ya kazi hujumlika katika mambo machache.

La kwanza ni uhuru wa kitaaluma. Zamani takwimu za Kenya zilitolewa na idara iliyokuwa ndani ya wizara. Sheria ya Takwimu ya mwaka 2006 iliunda Ofisi ya Taifa ya Takwimu iliyo chombo kamili chenye bodi yake na Mkurugenzi Mkuu wake. Maana ya mpango kama huo ni kwamba Waziri aweza kusema anataka nini kipimwe, lakini hawezi kusema kipimo kisomeke vipi. Ni kama kamanda anayemwagiza daktari wa kikosi awapime askari wote malaria. Amri ya kupima ni ya kamanda, bali jibu la damu si lake.

La pili ni uwazi wa njia. Ofisi ya takwimu inayoaminika hueleza jinsi ilivyohesabu: iliuliza maswali gani, iliwauliza watu wangapi, siku gani, na ni wangapi ambao hawakupatikana. Hutangaza mapema tarehe ambayo matokeo yatatolewa, ili asiwepo wa kuyachelewesha yakiwa mabaya au kuyaharakisha yakiwa mazuri. Aidha huwapa wote matokeo kwa saa moja, bila kuwaonjesha wachache kwanza. Tarakimu iliyotoka gizani hupewa tafsiri ya gizani, hata kama ni ya kweli.

La tatu ni kuhesabu mara ya pili. Baada ya sensa, sehemu chache huchaguliwa kwa bahati nasibu, na makarani wengine, wasio wale wa kwanza, huingia nyumba kwa nyumba na kuhesabu upya. Kisha majina hulinganishwa. Hapo hujulikana ni watu wangapi walirukwa na ni wangapi waliandikwa mara mbili. Kazi hiyo haina maana kama wanaoifanya ni wale wale waliofanya ya kwanza, kama vile ghala la silaha halikaguliwi na mtunza ghala peke yake.

La nne ni siri ya mtu mmoja mmoja. Karani wa sensa hula kiapo. Jina la mtu, umri wake, mali yake na watu wa nyumbani mwake havipelekwi kwa mtoza kodi, wala kwa polisi, wala kwa mwanajeshi. Jambo hili huwasumbua baadhi ya askari, ambao hufikiri kwamba daftari la sensa lingewarahisishia kazi ya kuwatafuta wahalifu na wageni wasio na vibali. Lingewarahisishia mara moja tu. Siku mwananchi wa mpakani atakapojua kwamba karani ni jicho la polisi, sensa inayofuata atatorokea porini na watoto wake, na tangu hapo Serikali haitajua tena kuna watu wangapi mpakani. Polisi anayemlinda karani njiani analinda pia kiapo chake, na kwa hiyo husimama mbali kidogo na mlango wakati maswali yanapoulizwa.

La tano ni kukiri kosa na kubadili kipimo hadharani. Mfano mzuri umetoka Kenya yenyewe. Mwezi Septemba mwaka 2014 Ofisi ya Takwimu ya nchi hiyo ilitangaza hesabu mpya ya pato la taifa, ikiacha mwaka wa msingi wa 2001 na kuutumia ule wa 2009. Uchumi wa mwaka 2013 ukaonekana kuwa mkubwa zaidi kwa robo nzima. Hakuna kiwanda kilichojengwa usiku ule. Kilichobadilika ni kipimo, kwa sababu biashara nyingi mpya hazikuwa zikihesabiwa ipasavyo na kipimo cha zamani. Ongezeko la namna hiyo lingeweza kuzua minong'ono mingi. Lakini sababu zilielezwa, njia ikachapishwa, na wataalamu wa nje wakaweza kuifuata hatua kwa hatua. Kipimo kilichobadilishwa mchana, mbele ya watu, huongeza imani badala ya kuipunguza.

Baada ya masumbuko ya mwaka 2009, Kenya ilijitahidi kufanya vizuri zaidi katika sensa ya mwaka 2019. Makarani waliacha karatasi wakatumia vishikwambi, kama walivyofanya pia makarani wa Tanzania katika sensa ya mwaka 2022. Chombo hicho chaweza kuandika mahali karani alipo na saa aliyoandika, na hivyo kumzuia mtu kujaza kaya arobaini akiwa amekaa kivulini. Matokeo yalitoka tarehe 4 Novemba 2019: watu 47,564,296. Lakini Mandera, iliyokuwa na watu 1,025,756 mwaka 2009, sasa ilionekana kuwa na watu 867,457. Nchi iliongezeka watu karibu milioni tisa, na Mandera ikapungukiwa na zaidi ya laki moja na nusu.

Mwenye kufuata hoja za kitaalamu aliweza kusema kwamba upungufu huo ni ushahidi kuwa hesabu ya 2009 ilitiwa chumvi. Kiongozi wa Mandera aliweza kujibu kwamba watu wake walihesabiwa wakati wengi wamehama, au kwamba makarani hawakufika kila mahali kwa sababu ya umbali na hofu ya mashambulizi mpakani. Pande zote mbili zilisimama juu ya shaka iliyopandwa miaka kumi nyuma. Ndivyo mambo yalivyofika tena mahakamani, hadi hukumu ile ya mwaka 2025. Vishikwambi vilikuwa vipya, lakini kutoaminiana kulikuwa kwa zamani, na hakuna mtambo unaoweza kulifuta jambo hilo. Imani katika takwimu hujengwa sensa baada ya sensa, na ikibomoka mara moja hugharimu kizazi kizima kuijenga upya.

Yasidhaniwe kwamba maradhi haya huwapata raia tu. Majeshi yenyewe ya nchi za jirani yameonja uchungu wake. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako sensa ya mwisho ya wananchi ilifanywa mwaka 1984, vita vilipomalizika rasmi mwaka 2003 makundi yaliyokuwa yakipigana yalitakiwa kuunda jeshi moja. Orodha zilizotolewa zilijumlisha askari wapatao 340,000. Watu walipohesabiwa mmoja mmoja, waliopatikana walikuwa chini ya nusu ya hao. Wengine wote walikuwa askari hewa, yaani majina yasiyo na miili, yanayopokea mshahara lakini yasiyoweza kushika zamu. Kwa kuwa mishahara ilipitia mikononi mwa makamanda, aliyetaja watu wengi alipokea fedha nyingi, na askari wa kweli aliyekuwa mstari wa mbele mara nyingi hakupata kitu.

Dawa iliyotumiwa, kwa msaada wa ujumbe wa Umoja wa Ulaya ulioanza kazi mwaka 2005, ilikuwa na sehemu mbili. Kwanza, kila askari alitambuliwa kwa alama za vidole na kupewa kitambulisho. Pili, njia ya mshahara ilitengwa na njia ya amri, ili anayewaamrisha askari asiwe ndiye anayewahesabu kwa ajili ya malipo. Sehemu hii ya pili ndiyo yenye hekima kubwa zaidi. Uganda nayo ilipambana na askari hewa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na jambo hilo likafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Katika nchi zote mbili fundisho ni lile lile la sensa ya Kenya, kwamba anayenufaika na hesabu asiwe mwenye kalamu ya kuiandika.

Kwa upande wa polisi, takwimu za makosa ya jinai ndizo zenye mtihani. Kila mwaka Kenya huchapisha hesabu ya makosa yaliyoripotiwa pamoja na taarifa za hali ya uchumi, na nchi nyingine hufanya mfano wa hayo. Hesabu hiyo huanzia katika kitabu cha matukio cha kituo, chini ya mkono wa askari wa zamu. Mkuu wa kituo akijua kwamba atapandishwa cheo kwa makosa kupungua, zipo njia mbili za kuyapunguza: kuwakamata wezi, au kutoandika wizi. Njia ya pili ni nyepesi. Wala tusidhani kwamba nchi tajiri zimesalimika. Huko Uingereza, mwezi Januari mwaka 2014, mamlaka ya takwimu ya nchi hiyo iliziondolea takwimu za polisi ile hadhi ya takwimu za taifa zinazoaminika. Mwezi Novemba mwaka huo huo wakaguzi wa polisi walitoa ripoti iliyokadiria kwamba karibu kosa moja katika kila matano yaliyoripotiwa kwa polisi halikuwa limeandikwa. Nchi ile haikuanguka kwa kukiri jambo hilo. Iliposema wazi kwamba kipimo kimeharibika, ndipo ilipoanza kukitengeneza.

Hapo pana jambo la kuzingatiwa na kila askari aliye zamu, awe wa Nairobi, Kampala, Goma au Dar es Salaam. Takwimu za taifa hazitengenezwi makao makuu. Makao makuu hujumlisha tu. Hutengenezwa na karani aliyetembea kilometa ishirini hadi kwenye boma la mwisho, au aliyekaa chini ya mti akabuni. Na koplo aliyeandika malalamiko ya mama aliyeibiwa mbuzi wawili, au aliyemwambia arudi kesho. Wataalamu wa mji mkuu waweza kuligundua kosa, lakini hawawezi kuugeuza uongo ukawa ukweli. Wakigundua, hulazimika kufuta, na anayefutwa ni mwananchi aliyehesabiwa sawasawa pamoja na jina la kubuniwa lililowekwa kando yake.

Hiyo ndiyo hasara kubwa iliyowapata watu wa kaskazini mwa Kenya. Wako maelfu katika Mandera na Turkana waliotoka hemani mwao mwaka 2009 wakajibu maswali kwa uaminifu. Hawakuongeza mtu wala hawakupunguza. Hesabu yao ya kweli ilichanganywa na hesabu inayobishaniwa, na zaidi ya miaka kumi na mitano baadaye bado nchi yao ilikuwa ikijadiliana mahakamani kama wapo au hawapo. Mtu aweza kustahimili umaskini, na aweza kustahimili ukame. Kuambiwa na nchi yake kwamba haijui kama yupo ni jambo zito zaidi.

Nchi za jirani zinaitakia Kenya mafanikio katika kulimaliza jambo hili kwa sheria na kwa amani, kama ilivyokwisha kuonyesha kuwa inaweza. Kwa upande wao zina kazi ya kujitazama. Sensa nyingine zinakuja, na orodha za mishahara, ripoti za makosa na hesabu za gwaride huandikwa kila siku. Kila moja ni amana. Anayeitunza katika kituo kidogo cha mpakani analitumikia taifa sawasawa na yule anayelinda mpaka wenyewe, kwa maana taifa lisilojua idadi ya watu wake halijui linamlinda nani.